Irente asubuhi, Magamba jioni: uchambuzi wa kisa cha familia moja Lushoto

Kisa hiki kinahusu familia ya watu sita waliopanda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, wikiendi ndefu ya Desemba, Jumatatu ikiwa sikukuu ya Uhuru. Baba, mama, mabinti wawili wa sekondari, mpwa wa kiume aliyemaliza kidato cha sita, na shangazi mwenye miaka sitini na kitu. Walitoka Dar es Salaam kwa Noah yao, wakiwa na dereva. Mimi naongoza wageni hapa mjini, na simu yao ilinifikia Jumamosi saa tisa alasiri, wao wakiwa tayari wamesimama Magamba ukingoni mwa msitu.

Hakuna aliyelazwa wala aliyepotea. Naandika kwa sababu karibu kila kilichoharibika siku ile kilitokana na kosa moja ninaloliona kwa wageni wengi, tena wale makini waliojiandaa. Sehemu walizochagua zilikuwa nzuri zote. Walizipanga kinyume.

Mpango aliuandaa baba, kwenye simu, wiki mbili kabla. Jumamosi saa tatu asubuhi wawe Irente kuangalia bonde. Saa sita washuke Soni kwenye maporomoko. Saa tisa waingie msitu wa Magamba na kupanda hadi kileleni. Jumapili waamke alfajiri, waende kijiji cha Mtae, warudi kulala, na Jumatatu waanze safari ya Dar. Ukiutazama kwenye ramani huoni kasoro. Kutoka mjini hadi Irente ni kilomita tano au sita. Magamba nayo haifiki kilomita kumi. Soni ipo kwenye barabara ileile waliyopandia kutoka Mombo. Kila kitu kiko karibu, na simu inakupa dakika.

Ila Lushoto haipo tambarare. Mombo, pale unapoiacha barabara kuu ya Arusha, ni takriban mita 400 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Kwa hiyo ndani ya kilomita 33 za kona gari linapanda urefu wa kilomita moja nzima, na unapanda toka joto la mkonge hadi kwenye baridi iliyowafanya Wajerumani wajenge kituo chao hapa mwaka 1898 na kukiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Msitu wa Magamba uko juu zaidi, vilele vyake vinapita mita 2,000. Kila hatua kati ya hizo ina hali yake ya hewa na saa yake nzuri, na hilo ramani haikwambii.

Tuanze na Irente. Ni genge. Unatembea kwenye majani, halafu ardhi inakatika mbele yako, na chini kabisa, kwa kina kinachokaribia kilomita moja, unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge yenye mistari, barabara kuu kama uzi, na nyika ya Wamasai inayokwenda hadi macho yachoke. Kwa mgeni mwenye nusu siku tu hapa, huko ndiko ningempeleka. Lakini mwezi wa Desemba, vuli ikiwa haijaisha, siyo saa tatu asubuhi. Unyevu wa Bahari ya Hindi unapanda hii milima, usiku unapoa, na asubuhi ukungu umekaa kwenye mabonde na kwenye ukingo wa genge kama mtu aliyelala na hana haraka ya kuamka. Jua linaunyanyua polepole. Siku nyingi hadi saa tano bado huoni kitu.

Familia ilifika kwa wakati, saa tatu kamili, na ikaona weupe mtupu. Walisubiri. Mabinti walipiga picha za weupe. Saa tano kasoro pazia likafunguka kidogo, wakaona kipande cha mkonge, likafunga tena. Baba, aliyekuwa na ratiba mkononi, akaamua waende. Uamuzi huo naweza kuuelewa, ila ndipo siku ilipoanza kusogea mbele yao: walikuwa wametumia asubuhi nzima, saa bora kabisa za kutembea, wakiwa wamesimama.

Soni ilikwenda vizuri, na sina mengi ya kusema. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu kwa udongo wa mashamba ya juu, kelele zake zinasikika tangu barabarani. Walikula mahindi ya kuchoma, wakarudi juu. Kushuka na kupanda tena kuliwapa shangazi na binti mdogo kichefuchefu cha zile kona, ikabidi wasimame mara mbili.

Hivyo walifika Magamba saa tisa. Msitu ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo kupitia simu au benki; mwananchi na mgeni wa nje hawalipi sawa, na fedha ya mwongoza wageni ni nyingine kabisa. Baba hakuwa amelijua hili. Mtandao wa simu ulikuwa unasuasua, malipo yakachukua muda. Ukitaka kuingia msituni, maliza malipo siku iliyotangulia, ukiwa mjini. Tulianza kutembea saa kumi kasoro robo.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi mkubwa ulipofanyika.

Jua Desemba huku linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Hiyo ni kwenye uwazi. Chini ya mikulo na miti mingine mikubwa, giza linaanza nusu saa nzima kabla. Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha. Njia ya kileleni ni udongo mwekundu uliofunikwa majani yaliyooza, na mizizi inayokatiza njia ikilowa inateleza vibaya. Nilitazama viatu. Mama na mabinti walikuwa na raba nzuri zenye meno. Baba alikuwa na buti. Shangazi alikuwa na viatu vya kawaida vya ngozi, vya kufunga, soli nene. Mpwa alikuwa na raba nyeupe za mjini, soli bapa.

Nilimwambia baba, "Mzee, kileleni leo hatufiki." Akanijibu kwa upole kwamba wametoka mbali, na kijana amekisubiri kilele mwezi mzima. Nilikuwa na njia tatu. Kukataa kabisa, na wangeweza kuingia wenyewe au kutafuta mtu asiyejua njia. Kukubali kilele, jambo ambalo lisingefanyika kwa saa zile. Au kuwapeleka kwenye barabara ya zamani ya magogo, pana, mwinuko wa wastani, ambapo mbega huonekana alasiri, na kuweka saa ya kugeuka. Nilichagua ya tatu. Saa kumi na moja kamili tunageuka, popote tulipo, hata kama kilele kiko hatua mia mbele. Nikalisema mbele ya wote sita, siyo kwa baba pembeni, na nikamwomba kila mmoja aitikie. Shangazi aliitikia wa kwanza.

Kusema mbele ya wote kuna sababu. Saa ya kugeuka ikijulikana na mwongozaji na kiongozi wa familia tu, ikifika inakuwa mabishano ya watu wawili, na aliyelipa kwa kawaida hushinda. Ikijulikana na wote, hata mtoto anakukumbusha. Kweli ilivyokuwa, binti mdogo ndiye aliyekuwa akitangaza dakika zilizobaki.

Walichokiona kilikuwa kizuri. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani, familia nzima, wakiruka tawi hadi tawi juu ya vichwa vyetu na kuangusha maji ya mvua. Kinyonga mwenye pembe, kijani kama jani, kwenye kichaka usawa wa kiuno. Binti mkubwa alikaa naye hadi tukamwita. Baba alinyamaza muda mrefu kisha akasema hakujua kama Tanzania kuna msitu wa namna hii. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima yenye misitu ya kale sana iliyobaki na unyevu pale ambapo nyanda za chini zilikauka, ndiyo maana ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani.

Dakika kumi kabla ya saa ya kugeuka, mpwa alikanyaga mzizi. Mguu wa kulia uliingia ndani, akakaa chini akiwa ameshika kifundo.

Nitaeleza tulichofanya kwa utaratibu wake. Kwanza alikaa, hakunyanyuliwa. Nilimbonyeza kwenye mfupa wa nje na wa ndani ya kifundo, upande wa nyuma, kisha juu ya unyayo. Mfupa haukuuma sana. Maumivu yalikuwa mbele na chini ya kifundo, kwenye kano. Nikamsimamisha, akatembea hatua nne akichechemea. Mtu asiyeweza hatua nne, au anayeruka ukimgusa mfupa, unamchukulia kama amevunjika na hatembei tena. Huyu alikuwa ameteguka. Baba alitaka kumchua. Nilimzuia. Kuchua kifundo kilichoteguka saa ileile kunaongeza uvimbe, ingawa najua nyumbani kwetu ndicho kitu cha kwanza. Shangazi akatoa kanga kwenye mkoba, akailowesha kwenye kijito, tukaizungushia mguu kwa dakika kadhaa. Maji ya Magamba ni baridi kama ya friji. Halafu bandeji ya kuvuta, kiatu kikarudi kikiwa kimefungwa vizuri.

Baba akapendekeza yeye na mabinti watangulie haraka kumwita dereva na watu. Ni wazo la baba mwenye wasiwasi na sikulipuuza, lakini nililikataa. Barabara za zamani za magogo zinagawanyika, na jioni kila tawi linafanana na jingine. Kikundi kilichogawanyika kingenipa matatizo mawili badala ya moja. Kuita machela kutoka kijijini, kama wenyeji wanavyobeba wagonjwa wao hadi barabarani, kulikuwa kunawezekana, ila kingechukua muda uleule wa sisi kushuka pole pole. Tukashuka pamoja.

Njia tuliyopanda kwa saa moja na kidogo tuliishuka kwa karibu saa mbili. Simu tatu kati ya sita zilikuwa zimekufa chaji kwa picha. Nilikuwa na tochi ya kichwani; niliimulika miguuni pa mpwa, na simu yenye chaji nyingi ilikaa kwa mtu wa mwisho ili asibaki mtu nyuma. Shangazi alitembea mbele ya mpwa akiwa na tawi kavu aliloliokota, akijaribu kila mzizi na kumwambia wapi pa kukanyaga. Wote walikuwa wamemwogopea yeye tangu asubuhi, wamembebea mkoba, wamemuuliza kama atasubiri garini. Hakuna aliyekumbuka kwamba amekulia Upareni, juu ya Same, akishuka na kupanda milima kwenda shule. Unapopima kikundi, usipime kwa umri peke yake. Uliza mtu amekulia wapi, na angalia soli.

Saa moja kasoro tulikuwa barabarani. Noah ilikuwa imewasha taa.

Sasa turudi kwenye mpangilio. Watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema tatizo lilikuwa raba za kijana. Raba ndizo zilizoteleza, ni kweli. Lakini kijana yuleyule, na raba zilezile, angeteleza saa nne asubuhi, tungekuwa na saa nane za mwanga mbele yetu, watu njiani, chaji kwenye simu, na jambo zima lingekuwa usumbufu mdogo. Saa ndiyo iliyoligeuza kuwa hatari. Nao hawakufika msituni jioni kwa uzembe. Walifika jioni kwa sababu Irente ndiyo maarufu, na mtu huanza na maarufu.

Kanuni ninayoishikilia kwa mgeni wa Lushoto ni kuanza na sehemu yenye giza na mwinuko, na kumalizia na sehemu yenye uwazi na barabara. Msitu asubuhi, saa moja au mbili muwe mmeingia. Ukungu msituni hauharibu kitu, unapendeza, ndege wanaimba, na mvua za vuli mara nyingi huja mchana mkiwa mmeshatoka. Irente alasiri, kuanzia saa kumi. Ukungu umeshanyanyuka, mvua ikiwa imepita hewa imesafishwa vumbi, jua linashukia upande wa nyika mbele yako, na hata giza likikukuta uko kwenye barabara ya gari. Soni haihitaji siku yake. Ipo njiani, isimamieni mnapokuja au mnapoondoka, na matumbo yasipande zile kona mara mbili bure.

Jumapili tulifanya hivyo, kwa kadiri ilivyowezekana. Mtae ilifutwa, baba alisema mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Asubuhi mpwa alikwenda kupigwa picha ya eksirei, mfupa mzima. Mchana dereva aliwapeleka yeye, baba, mama na shangazi kwenye shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, wanakouza mkate, jibini na jamu wanazotengeneza wenyewe. Kijana akawekwa barazani mguu juu ya kiti. Mabinti waliomba watembee, nikaenda nao kwa miguu kutoka mjini kupitia Yoghoi.

Kwenye matembezi hayo kulitokea jambo dogo ambalo naliona kubwa. Desemba plamu zinaanza kuiva. Tulipita ukingoni mwa shamba, binti mdogo akanyoosha mkono akachuma mbili. Mama mwenye shamba alikuwa kwenye karoti zake hatua chache, akasimama wima bila kusema neno. Nilimwamkia, mabinti wakamwamkia, "Shikamoo mama." Aliitikia, kisha akauliza, siyo kwa hasira, kama huko kwao matunda ya barabarani hayana mwenyewe. Binti alitamani ardhi impasue. Nikamwambia aombe radhi yeye mwenyewe, siyo mimi kwa niaba yake, naye akaomba. Dakika tano baadaye walikuwa wamenunua sado nzima, mama yule amewaongezea juu yake, na anawaonyesha jinsi ya kubana tunda kujua limeiva.

Wageni wengi wanadhani njia za Usambara ni njia za matembezi. Ni njia za watu kwenda shambani, kisimani na shuleni. Ardhi ni finyu, kila mteremko una mwenyewe, na kumbukumbu ya watu wa nje kuja kuwaelekeza Wasambaa juu ya ardhi yao haijapotea: Mpango wa Mlalo, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1946, uliwalazimisha kulima matuta hadi watu wakagoma na mpango ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo mwenyeji anayekuongoza anafanya kazi zaidi ya kuonyesha njia. Anakutambulisha. Ukipita na mtu anayejulikana unakuwa mgeni wa fulani, ukipita peke yako na kamera unakuwa mtu anayekatiza karoti za watu. Ningependa kila ofisi na kila familia inayopanga safari ya huku ihesabu fedha ya mwongozaji mwanzoni, kabla hata ya kuchagua gesti.

Saa kumi na nusu tukawakuta wenzetu gengeni. Kijana alikuwa ameketi mbali na ukingo, mguu umenyooshwa. Nyika yote ilikuwa wazi. Baba aliitafuta Mombo, kisha akaifuata kwa kidole barabara waliyopandia, kona kwa kona, na kwa mara ya kwanza akauliza swali ambalo lingefaa kuulizwa wiki mbili nyuma: Mtae inahitaji nini hasa?

Nilimjibu kirefu. Mtae iko kaskazini kabisa mwa milima, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, barabara mbovu ambayo mvua huifanya mbovu zaidi. Kijiji kimekaa kwenye mgongo wa mlima, bonde huku na bonde huku, Mkomazi chini yake, milima ya Upare ng'ambo, na siku ya hewa safi Kilimanjaro kwa mbali. Kuiendea na kurudi siku moja ni kukaa garini siku nzima ili usimame saa moja. Mwenye gari alale huko angalau usiku mmoja. Mwenye miguu aiendee kwa siku tatu au nne, Magamba, Lukozi, Rangwi na kuendelea, akilala vijijini na kwa masista, mzigo ukiwa mdogo. Nafikiri hiyo ndiyo safari bora kuliko zote tulizonazo, na wanaoifanya ni wageni wa Ulaya kwa wingi kuliko sisi wenyewe. Hilo linanisikitisha. Gharama yake haiizidi ya wikiendi ya ufukweni, na lugha ya kuongea na wenyeji njia nzima sisi tunayo tayari.

Walishuka Jumatatu asubuhi, wakasimama Soni tena, safari hii wakiwa njiani kweli. Wiki mbili baadaye baba alinitumia mpango mpya, wa mwishoni mwa Septemba, kabla vuli haijaanza: siku nne kwa miguu hadi Mtae, gari likiwasubiri huko. Kila siku ameandika saa ya kuanza, saa ya kugeuka au kufika, na nani anabeba tochi. Shangazi yumo kwenye orodha. Nilibadilisha kitu kimoja tu: siku ya kwanza alikuwa ameiweka ianze saa tatu asubuhi, nikaiweka saa kumi na mbili na nusu.